Tupeane uzoefu: kupima macho ulienda wapi, na kwa nini hapo?

Wakuu, habari za jioni. Naomba kila mtu aseme aliamuaje wapi pa kupimia macho, yake au ya mtu wa nyumbani. Naanza mimi.

Mzee wangu alianza kulalamika kwamba haoni vizuri. Tukampeleka duka la miwani la mtaani kwetu, kwa sababu lilikuwa karibu na kupima ni bure ukinunua miwani. Akaweka kidevu kwenye mashine, karatasi ikatoka, akapewa miwani. Baada ya miezi minane malalamiko yakarudi, akabadilishiwa lenzi. Ikaja mara ya tatu. Halafu asubuhi moja tunakunywa chai, kikombe chake kiko kushoto, naye anakipapasa mezani kama mtu aliye gizani. Hakukiona mpaka alipogeuza kichwa kizima. Nilishtuka sana.

Siku hiyohiyo tukaenda hospitali ya macho. Wakamtia matone ya ganzi, wakapima presha ya jicho: la kushoto 34. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Lile jicho lilikuwa limebakiwa na upenyo mdogo tu wa katikati, na kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi. Kwa wengi hauumi wala hauwashi. Mtu anasoma herufi zote za ukutani huku pembeni kunazimika kidogo kidogo. Namba za miwani yake zilikuwa sahihi mara zote tatu. Hakuna aliyemtazama ndani ya jicho.

Sasa kabla sijaenda popote napiga simu na kuuliza mawili: mnapima presha ya jicho? Mnaweka dawa ya kupanua mboni ili mwone kule nyuma? Nikijibiwa "tunapima kwa kompyuta", najua hapo nitapata namba ya miwani tu. Nina miaka 41 na ni mtoto wa mgonjwa wa glakoma, kwa hiyo napima kila mwaka.

Mama Pacha, Moshi
Pole sana kwa mzee, kaka. Mimi ni wa mtoto. Mmoja wa mapacha wangu, miaka 5, alikuwa anainamisha kichwa upande akitazama TV. Nilianzia dukani, kijana wa pale akaniambia ukweli: "Mama, huyu mpeleke hospitali ya KCMC, mashine yetu itakudanganya." Namshukuru mpaka leo. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza wakati wa kupimwa, basi namba inayotoka siyo yake. KCMC walimwekea matone ya kulegeza misuli ndipo wakapima. Kwa kuwa hajui kusoma, walimwonyesha herufi E zilizogeuzwa huku na huku, naye anaonyesha kwa vidole zimeelekea wapi. Jicho moja likaonekana vivu. Akapewa miwani, na lile zima tunalifunika saa mbili kwa siku. Analia, tunambembeleza. Ukichelewa akawa mkubwa, ubongo unakuwa umeshazoea kulipuuza hilo jicho.

Fundi Cherehani
Jamani, maduka yote tusiyaweke kapu moja. Mimi nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano nilipofika miaka 44. Nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga, kichwa kikauma wiki nzima. Dukani nilipokwenda niliangalia kwanza kama anayepima ana usajili wa Baraza la Optometria. Alinipima kila jicho peke yake, kumbe yanapishana, na ile ya machinga ina namba moja pande zote mbili. Akapima na umbali wa kati ya mboni. Nashona mpaka usiku bila shida.

Msomaji wa Mombasa
Mimi nina kisukari miaka 9. Kambi za bure za macho nazisifu, mamangu alitolewa mtoto wa jicho kupitia kambi na sasa anachambua mchele mwenyewe. Lakini wenzangu wa kisukari, msitosheke na kambi. Sisi tunahitaji retina, ule utando wa nyuma ya jicho, iangaliwe kila mwaka hata kama tunaona vizuri, maana mishipa huvuja kabla hujahisi lolote. Na siku ya kupanuliwa mboni usiende na pikipiki yako. Mwanga unachoma na maandishi ya karibu huyaoni kwa saa kadhaa. Nenda na mtu, beba kofia.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Mzee anaendelea na matone kila usiku saa tatu, mimi ndiye namtilia, na jicho la kushoto presha imeshuka hadi 15. Daktari ametuambia ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Baba mdogo yuko Tabora na anasema yeye anaona vizuri tu. Mlioko huko, ni wapi wanapima presha ya jicho na kutazama ndani, na mnaanzia dirisha gani? Nataka nimtumie nauli wiki hii.