MJADALA: Kumbukumbu zote za ujenzi ziwekwe kwenye blokucheni?

Kijiko cha Zege: Wakuu, tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, watu wanaulizana nani alisaini nini. Hoja yangu: vibali, vipimo vya zege vya siku 7 na 28, vyeti vya malipo, vyote viingie kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo kila mhusika anatunza nakala yake. Nakala anayo mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri na bodi. Ukichezea tarehe, nakala za wenzako zinakuumbua. Leo faili la saiti linapotea siku ya ukaguzi, na fundi anaondoka na mifuko miwili ya saruji bila mtu kujua.

Fundi Mbagala: Hapo kwenye saruji nimekusikia vizuri. Mchoro unasema nondo ya milimita 12, saiti inashushwa ya 10. Niliagiza mimi? Mimi nimekabidhiwa chepe na toroli.

Kijiko cha Zege: Kaka, ulikuwa mfano tu.

Fundi Mbagala: Mfano mbona hukumtolea mhandisi?

Mama Kokoto: Tusioneane haya. Fundi wangu nilimwachia nyumba nikaenda Dodoma, kurudi nakuta kibaraza kimeinamia ndani. Mvua ikinyesha nadeki sebule bila kuchota maji.

Fundi Mbagala: Ulimlipa bei gani, dada?

Mama Kokoto: Hayakuhusu.

Injinia Msaafu: Haya, turudi. Kijiko, kyubu za maabara, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, zinaweza kumiminwa pembeni kwa zege lililokorogwa kwa adabu, na lililoingia kwenye nguzo likawa lingine kabisa. Blokucheni yako itautunza uongo huo milele, na saini juu. Na lile ghorofa lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar, 2012 kama sikosei, kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Kuhesabu ghorofa nako kunataka kompyuta?

Pwani Tulivu: 2013, mzee. Ijumaa Kuu.

Kijiko cha Zege: Injinia, kwa hiyo tukae na makaratasi? Angalau uongo utakuwa na jina na saa.

Injinia Msaafu: Maersk wa meli na IBM wa kompyuta walikuwa na TradeLens, blokucheni ya kufuatilia makontena. 2022 wakatangaza kuifunga, wenzao kwenye biashara hawakujiunga vya kutosha. Hao wana hela.

Kijiko cha Zege: Tunaongelea zege, unaleta meli.

Pwani Tulivu: Kwani hii si ndiyo bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, BoT (Benki Kuu) waliyoikataa 2019?

Kijiko cha Zege: BoT walikataza sarafu. Daftari si sarafu.

Daraja la Saba: Mnabishania daftari, sisi wakandarasi wadogo tunakufa na madai. Mikataba ya FIDIC, ile ya kimataifa ya ujenzi, inampa mteja siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai yako. Wangu, simtaji, anavuka mwaka. Zabuni tunaomba NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, kidijitali kabisa, hela inakuja kwa miguu. Hiyo blokucheni inalipa?

Kijiko cha Zege: Ndiyo! Kuna mikataba inayojilipa. Kazi ikithibitishwa, malipo yanatoka yenyewe.

Daraja la Saba: Anayethibitisha nani?

Kijiko cha Zege: Mhandisi mshauri.

Daraja la Saba: Huyohuyo asiyesaini cheti changu.

Fundi Mbagala: 😂😂 Mnaona sasa wanapokaa wezi?

Injinia Msaafu: Chunga mdomo, kijana. Kuchelewesha cheti si wizi. Mara nyingi vipimo vya kazi havijakamilika.

Fundi Mbagala: Mimi nikichelewa siku moja naitwa mlevi.

Mama Kokoto: Fundi, acha hasira. Kibaraza unaweza kukirudia?

Fundi Mbagala: Naweza. Nusu mkononi kwanza.