Masta ya fizikia ya tiba au ya imejingi, niende wapi?

elektroni_huru
Habari zenu wadau. Nina digrii ya fizikia, nimemaliza juzijuzi tu, sasa nataka kuunganisha masta. Nimekwama kati ya fizikia ya tiba na imejingi, yaani upigaji wa picha za ndani ya mwili. Nikipitia mitaala naona vitu vilevile, eksirei, CT (eksirei ya vipandevipande), MRI (ile ya sumaku), ultrasaundi, mpaka najiuliza ni majina tu au kuna tofauti kweli? Mimi nataka hospitali, maabara ya kujifungia siiwezi. Na hesabu za MRI zikoje, nasikia zinatoa watu jasho.

mzee_wa_dozi
Tofauti ipo tena kubwa, ila huwezi kuiona kwenye orodha ya masomo, angalia kazi utakayokuja kufanya. Mwanafizikia wa tiba ndiye anayejibu swali la dozi, yaani mgonjwa apate mionzi kiasi gani. Kwenye tiba ya mionzi mashine inapimwa asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, ikipotoka kwa asilimia chache tu hakuna kutibu mtu mpaka ijulikane kuna nini. Imejingi inaegemea ubora wa picha, kushusha dozi ya CT bila picha kujaa chengachenga, programu za kuchakata picha na kadhalika. Halafu angalia sana hapa, masta nyingi za imejingi zimetengenezwa kwa ajili ya maradiografa (wale wapiga picha wa hospitali) walioko kazini, wewe wa fizikia tupu unaweza usipokelewe, au upokelewe halafu utoke na cheti kisichokuruhusu kufanya kazi hospitali.

bi_fotoni
MRI isikutishe hivyo, kama Fourier (hesabu ya kuvunja ishara kuwa frikwensi zake) unaielewa nusu ya safari umeshaimaliza. Kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 haidrojeni ya mwilini inaitika kwenye megahezi 64 hivi, tesla 3 ni mara mbili yake. Sasa ukiongeza gradienti, uga wa sumaku unatofautiana kidogokidogo toka upande mmoja wa mwili hadi mwingine, kwa hiyo frikwensi yenyewe inakwambia ishara imetoka wapi, na mashine haikusanyi picha, inakusanya namba ambazo ukizigeuza kwa Fourier ndo picha inajitokeza. Tamu sana. Kilichonitesa mimi ni anatomia, unaonyeshwa kipande cha CT cha tumbo, ini liko kushoto kwako kumbe ndo kulia kwa mgonjwa, na mwalimu hasubiri mtu.

picha_safi
Mzee wa dozi naomba nitofautiane kidogo, mimi ni radiografa na masta ya imejingi nimeisoma, sio ya wanaosubiri kupanda cheo tu. Chukua PET, ile picha ya kumdunga mgonjwa sukari yenye florini 18 inayotoa mionzi, florini hiyo inapungua nusu kila dakika 110 hivi, mgonjwa akichelewa, au sukari yake ikiwa juu, picha inaharibika hata kama mashine imepimwa vizuri namna gani. Anayejua kumpanga mgonjwa ni sisi. Ila kwa elektroni, fizikia ya tiba ndo njia yako, hapo sibishi.

elektroni_huru
Asanteni sana. Kwahiyo nikimaliza masta naingia hospitali moja kwa moja?

mzee_wa_dozi
Hapana mdogo wangu, na hapa ndo wengi wanakwama. Masta ni darasa. IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, inapendekeza juu yake uwe na mafunzo ya hospitali yenye msimamizi, yasiyopungua miaka 2, ndipo uachiwe kazi peke yako. Kozi nyingine zinaingiza hospitali ndani ya masta, mfano ile ya ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia) na chuo kikuu cha Trieste, Italia, mwaka wa kwanza darasani wa pili hospitali, na imelengwa kwa watu wa nchi zinazoendelea, ifuatilie. Kwingine kote mwandikie mratibu umuulize mwanafunzi anafanya vitendo hospitali gani, nani anamsimamia, na fantomu (vifaa vya kupimia mashine badala ya mwili wa mtu) anazishika mwenyewe au anatazama tu. Akikujibu kwa maneno ya brosha, achana nayo.

bi_fotoni
Na Python, lugha ya kuandikia programu, uianze sasa hivi, usisubiri barua ya kupokelewa.