Naombeni ushauri: bibi ninayemhudumia ana C. diff (bakteria wa kuharisha), wenzangu wanapaka sanitaiza tu

Wakuu habari zenu. Niko Minnesota, nafanya nasi homu (nyumba ya kutunzia wazee) kama CNA, yaani msaidizi wa manesi, mwezi wa nne sasa. Kuna bibi upande wangu alimaliza dozi ya antibayotiki akaanza kuharisha, vipimo vikarudi ni C. diff. Mlangoni wamebandika karatasi ya gauni na glavu, sawa, ila usiku tuko wawili kwa wazee 26, mwenzangu akishambadilisha daipa anavua glavu anapaka sanitaiza anaingia chumba kingine, na mashine ya presha ni hiyo hiyo inazunguka kwa wote. Nikisema ananiona mgeni najifanya najua. Nyumbani nina mtoto wa miaka 2, nikirudi naogopa hata kumbeba. Nifanyeje?

Mama Shifti
Pole mdogo wangu. Sanitaiza haiui hiyo kitu, yule mdudu anatengeneza spora zenye ganda gumu, pombe ya sanitaiza haizipati kabisa na kwenye reli za kitanda zinakaa miezi. Maji yanayotiririka na sabuni, sugua haswa mpaka katikati ya vidole, maana hata sabuni haiziui, inazing'oa tu ziende na maji. Glavu zisikudanganye, wakati wa kuzivua ndo mikono inachafuka. Na bibi mwenyewe mnawisheni kabla ya kula jamani, hilo linasahaulika sana.

mzee_wa_wodi
Mashine ya presha na kipimajoto viwe vya chumba hicho tu. Kufutia tumieni zile wipes za jiki, soma kwenye kopo kama imetaja C. diff na inatakiwa ibaki mbichi dakika ngapi, watu wanapangusa na kukausha hapo hapo, kazi bure.

Dada wa Arusha
Usibishane na mwenzako usiku. Tangu 2019 kila nasi homu inayopokea hela za Medicare (bima ya serikali ya wazee) inatakiwa iwe na mtu wa kusimamia maambukizi, mtafute huyo mchana umweleze. Mtoto usiogope sana, akiwa na afya na hatumii antibayotiki hatari ni ndogo. Vua sare na viatu mlangoni, oga, sare ifuliwe peke yake na maji ya moto.

Mleta uzi
Asanteni sana dada zangu na mzee. Siku mbili za kwanza na mimi nilikuwa napaka sanitaiza tu, roho inaniuma. Kesho nawahi kabla ya shifti nimwone huyo nesi. Ila Jumapili wajukuu wa bibi wanakuja, nani anatakiwa kuwaambia wanawe mikono kwa sabuni wakitoka, mimi au nesi?