Ulinganisho: kamba moja ya mpira au mbili kwa mitungi ya ubavuni mapangoni?

Njia_Nyembamba (mwanzisha mada)

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Nilijifunza kuzamia mapangoni nikiwa na mitungi miwili ya hewa mgongoni, na sasa ninahamia kwenye mitungi ya ubavuni, inayofungwa mmoja kila upande wa mwili, kwa kuwa njia ninazotaka kupita zina dari ya chini ambayo valvu za mgongoni huigonga. Mkufunzi wangu amenipa msingi, lakini ameniachia niamue mwenyewe namna ya kushikilia vichwa vya mitungi. Njia ya kwanza ni kamba moja ya mpira inayopita nyuma ya mabega na kuacha kitanzi kila upande, ambacho huvutwa na kuvishwa kwenye valvu. Ya pili ni kamba mbili fupi, kila moja ikiwa imefungwa kwenye mikanda nyuma ya bega na kuishia kwa klipu kwenye pete ya D ya kifuani.

Nimejaribu zote mbili kwenye maji ya kina kifupi, kwa mitungi ya alumini ya lita 11.1. Kamba moja ilikuwa rahisi kuvaa, ila mtungi wa kushoto ulining'inia chini kuliko wa kulia, na kila nilipourekebisha upande mmoja niliuvuruga wa pili. Kamba mbili zilikaa sawa, lakini zimeniongezea klipu kifuani, mahali ambapo nisingependa kuwa na kitu cha ziada. Ningependa kuwasikia waliotumia zote mbili ndani ya pango lenyewe. Pia nisaidieni: geji, ile saa ya kusomea hewa iliyobaki, ielekee juu au chini?

Fundi_Mikanda

Nilitumia kamba moja kwa muda mrefu kabla ya kuhamia kwenye mbili, na sikuiacha kwa ubaya wake. Kasoro unayoieleza inatokana na kamba kuteleza nyuma ya mgongo. Ukiipiga fundo pale inapopita katikati ya mabega, kiasi kwamba haiwezi kuvutwa upande wowote, kila kitanzi kitakuwa na urefu wake, na upande mmoja ukikatika ule wa pili utabaki umeshika. Unene wa milimita 6 hadi 8 unatosha. Kamba iwe fupi kiasi cha kukulazimu uivute kwa nguvu kidogo, kwa sababu ikiwa ndefu, kichwa cha mtungi hushuka chini ya kifua, na ndicho kitakachokuwa cha kwanza kuchimba tope laini la sakafuni na kuwaharibia wenzako mwonekano wa maji.

Hata hivyo, usiilaumu kamba kabla hujaangalia mkanda wa chini wa mtungi. Klipu ya mkanda huo ikishaingia kwenye pete iliyo nyuma ya kiuno, mahali mkanda ulipo kwenye mtungi ndipo panapoamua valvu itafika wapi. Ukishusha mkanda kuelekea kitako cha mtungi, mtungi mzima husogea mbele kuelekea kichwani. Ukiupandisha, valvu hurudi nyuma kuelekea mbavuni. Izungushe pia klipu ielekee mwilini badala ya kutazama nje, la sivyo mtungi utakaa mbali na ubavu kama mzigo uliofungwa vibaya. Watu wengi wamenunua kamba mpya ilhali walihitaji kusogeza mkanda kwa upana wa vidole viwili tu.

Pango_Tulivu

Ninakubaliana na Fundi kuhusu mkanda wa chini, lakini kuhusu kamba ninaona tofauti. Mimi hutumia mitungi ya chuma. Mtungi wa chuma hubaki mzito hata hewa ikipungua, kwa hiyo kitako chake hakipandi na sihitaji kuhamisha klipu wakati wa safari, jambo ninalolithamini sana mikono ikiwa imeshika taa na kamba ya mwongozo. Gharama yake ni kwamba kamba ya mpira peke yake hutanuka ninapoingia na kutoka majini. Ndiyo maana huongeza uzi mfupi wenye klipu kwenye shingo ya kila mtungi, unaoshikwa na pete ya kifuani. Kamba ya mpira hufanya kazi ya kuvuta valvu iingie kwapani, na uzi hubeba uzito na kubaki kama akiba mpira ukikatika.

Ninatoa tahadhari moja kwa atakayenifuata. Mitungi miwili ya chuma iliyojaa, juu ya suti nyepesi isiyo na hewa ndani yake, inaweza kukuacha bila njia ya kuelea mfuko wako wa hewa wa kuelea ukitoboka. Mimi huvaa suti kavu, ambayo huweza kutiwa hewa.

Theluthi_Tatu

Naomba tuongeze jambo ambalo halijatajwa, nalo ni mahali vipumulio, yaani vifaa vya mdomoni vya kupumulia, vinapokaa. Mitungi ya ubavuni haina kiungo kinachochanganya hewa yake, kwa hiyo unapaswa kubadilisha kipumulio mara kwa mara ili mitungi ipungue kwa pamoja. Chukua mitungi ya lita 11.1 yenye baa 200 (kipimo cha shinikizo la hewa) kila mmoja. Ukitumia baa 60 kutoka kila upande, kisha ukageuka, umetumia lita 1,332. Mtungi mmoja ukiharibika hapo unapogeukia, ule mwingine una baa 140, yaani lita 1,554, nawe utatoka. Lakini ukipumua baa 120 kutoka mtungi mmoja bila kugusa wa pili, kisha ukaupoteza ule uliojaa, utabaki na lita 888 kwa njia iliyokugharimu 1,332. Jumla ya hewa iliyotumika ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Mzamiaji wa mapangoni Sheck Exley, katika uchambuzi wa ajali aliouchapisha mwaka 1979, aliweka kutokuhifadhi theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya mapangoni, pamoja na kukosa kamba ya mwongozo isiyokatika hadi nje. Hesabu hiyo inakutosha wewe peke yako, nayo ndiyo mipaka yake: kama mwenzako ataihitaji hewa yako, au maji yanasukuma kuelekea ndani, geuka mapema zaidi.

Kwa sababu hiyo, kipumulio cha paipu fupi ya mtungi wa kushoto huning'inia shingoni kwa kitanzi cha mpira, na paipu ndefu ya mita 2.1 hutoka mtungi wa kulia. Nisipoitumia ndefu, hukaa kwenye pete ya kifuani ya kulia kwa klipu iliyofungwa kwa uzi dhaifu unaokatika ukivutwa, kwa sababu mwenzako aliyeishiwa hewa hatasubiri uifungue.

Bi_Kina

Kuhusu geji: paipu ya sentimita 15, ielekee juu. Nilijaribu kuielekeza chini kando ya mtungi, na kwa kweli hupendeza machoni, lakini kila usomaji ulinilazimu kuuinua mtungi, na nikajikuta ninasoma mara chache kuliko inavyopasa. Ikielekea juu, funga paipu kwenye shingo ya valvu kwa kipande cha mpira ili isichomoze na kunasa kamba ya mwongozo.

Kwa kuwa mwanzisha mada anatumia alumini, asisahau mkia, yaani kitako cha mtungi. Mtungi wa aina hiyo huanza safari ukizama kidogo na kumaliza ukielea kwa takriban kilo 2, na kitako hupanda kwanza. Weka pete ya pili ya D mbele kwenye mkanda wa kiuno, na ukifika karibu na baa 100 uhamishe klipu kutoka ya nyuma kwenda ya mbele. Fanya hivyo pande zote mbili kwa mfuatano, maana ukihamisha mmoja tu utalala kiubavu. Ni hapo ndipo ninapomwelewa Pango_Tulivu, ingawa mimi bado hupenda alumini kwa wepesi wake ninapouvua mtungi na kuusukuma mbele yangu penye upenyo mdogo.

Njia_Nyembamba

Nawashukuru nyote. Nimesogeza mkanda wa chini wa kushoto kwa sentimita 3 na kupiga fundo katikati ya kamba, na mtungi sasa umelingana na wa kulia, hivyo nitabaki na kamba moja pamoja na uzi wa akiba wa Pango_Tulivu, nikiwa nimeukata mfupi usining'inie. Geji nimeielekeza juu. Kabla ya kurudi pangoni nitafanya mazoezi kwenye maji ya kina kifupi, macho yakiwa yamefungwa: kubadilisha vipumulio, kufunga kila valvu na kuifungua, na kuhamisha klipu mbele na nyuma. Mwenzangu atanirekodi video kutoka ubavuni mitungi ikiwa na baa 200, kisha tena ikiwa na 60, nami nitaiweka hapa muikosoe.