Ngong au Longonot: wapi pa kufanyia mazoezi mazito?

Miguu_Mepesi: Wadau, habari zenu. Disemba kundi letu linakwenda Mlima Kenya, hadi kilele cha Lenana (mita 4,985). Kabla ya hapo tunataka Jumamosi moja ya mazoezi ya kutoa jasho karibu na Nairobi. Tunasita kati ya vilele vya Ngong na kuzunguka ukingo wote wa kreta (shimo la volkano) ya Mlima Longonot. Wawili kati yetu hawajawahi kupanda popote.

Bonde_la_Ufa: Longonot! Ni mita 2,776, na lango lenyewe liko kwenye mita 2,150 hivi, kwa hiyo kupanda si kwingi. Kazi iko ukingoni. Karibu na Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya ukingo, maji ya mvua yamechimba njia ikawa mfereji mwembamba, miguu miwili haikai sambamba, na pengine mnashika ardhi kwa mikono. Safari nzima ni kama kilomita 13 na njiani hakuna maji. Kila mtu abebe lita tatu.

Dada_Buti: Ongeza vumbi. Ule ni mlima wa volkano. Kiangazi udongo unakuwa laini kama unga, na kuteremka ndiko kunakoangusha watu. Kiatu kilicholika soli kibaki nyumbani. Ila ndugu yangu Bonde, wale wawili wageni umewasahau. Akichoka mtu katikati ya ukingo, kurudi na kumalizia ni umbali ule ule. Ngong kuna barabara ya gari hadi kwenye mitambo ya upepo, anayeshindwa anageuka mapema.

Mzee_wa_Matasia: Vijana, Ngong msiidharau. Lamwia, kilele chake kirefu zaidi, ni mita 2,460, lakini kinachomaliza nguvu ni kushuka halafu kupanda tena, kilele baada ya kilele, na upepo unakupiga ubavuni. Mkipita mitambo, tembeeni na askari wa KFS (shirika la misitu). Kule mbele watu ni wachache. Na mkimalizia Kona Baridi, mwisho wa vilele, mko barabara ya Magadi, gari la kuwarudisha lipangwe mapema.

Miguu_Mepesi: Shikamoo mzee, asante. Basi tunaanza Ngong sote. Longonot tutakwenda baadaye na mabegi yaliyojaa, wale wawili wakiwa tayari.

Bonde_la_Ufa: Hapo sawa. Siku ya Longonot lipieni KWS (shirika la wanyamapori) kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kuondoka, na saa moja asubuhi muwe langoni. Saa sita ukingoni hakuna kivuli cha kujificha.