Kufundisha watu wazima wenye ulemavu: nianzie elimu maalumu au elimu ya watu wazima?

Binti wa Makorora ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimesomea ualimu wa shule ya msingi, na kwa sasa ninajitolea katika darasa la kisomo la jioni hapa Tanga mjini. Tulianza na akina mama wa sokoni, kisha wakajiunga baba mmoja aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani, baada ya miaka mingi ya kukata mkonge, na dada mmoja kiziwi ambaye hakuwahi kupelekwa shule. Hao wawili hufika kabla ya wenzao wote, nami sina la kuwapa zaidi ya kuwakalisha mbele, jambo ambalo halimsaidii yeyote kati yao. Nimeazimia kuifanya kazi hii iwe ya maisha yangu. Je, nikasome elimu maalumu, ambayo naona imeelekezwa zaidi kwa watoto wa shule, au elimu ya watu wazima? Na ajira yake ipo?

Mwalimu mstaafu, Raskazone:

Marahaba binti yangu. Kwa maoni yangu anza na elimu maalumu, kwa sababu nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na lugha ya alama ni ujuzi wa mikono unaohitaji mwalimu na mazoezi, ilhali namna ya kukaa na mtu mzima darasani umeshaanza kuijua. Chuo cha Ualimu Patandi kilichopo Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dodoma kinaifundisha fani hiyo. Baadaye ongeza masomo ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo imekuwapo kisheria tangu mwaka 1975.

Kuhusu huyo baba, usimpe karatasi ya nukta nundu siku ya kwanza. Ngozi ya vidole vya mkata mkonge imekuwa ngumu, hivyo nukta ndogo hazihisiki vizuri, na mtu mzima akishindwa mbele ya watu huenda asirudi tena. Chukua trei ya mayai, ukate kipande chenye matundu sita, matatu kushoto na matatu kulia, kisha mpe ndimu azipange humo. Ndimu moja katika tundu la juu kushoto ni A. Ukiongeza ya pili chini yake imekuwa B. Akishazishika herufi kichwani kwa njia hiyo, mwachie karatasi taratibu, na umzoeshe kusoma kwa kidole chenye ngozi laini kuliko vingine, hata kama ni cha mkono wa kushoto.

Kuandika ndiko kwenye kazi zaidi. Anayetumia kibao na msumari hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ili aisome kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta huhesabiwa 1 hadi 3 upande wa kushoto kuanzia juu, na 4 hadi 6 upande wa kulia. E ni nukta ya 1 na ya 5, I ni ya 2 na ya 4, na kila moja ni mwenzake aliyegeuzwa. Kwa hiyo mwanafunzi mpya ataandika "pinda" akikusudia "penda", na mwalimu asiyelijua hilo atadhani hajui tahajia. Msahihishe mkono wake, usimrudishe kwenye silabi.

Kiziwi wa Ngamiani:

Namheshimu mwalimu, lakini kwa upande wa yule dada sikubaliani na wazo la kusubiri chuo. Kiziwi ambaye hakwenda shule mara nyingi ana alama za nyumbani tu, zinazoeleweka na mama yake na ndugu wachache, na ukianza kumwandikia a, e, i, o, u ubaoni unamfundisha maandishi ya lugha ambayo hajawahi kuisikia. Anahitaji kwanza Lugha ya Alama ya Tanzania, na lugha hiyo huipati kwenye mchoro wa vidole uliobandikwa ukutani, kwa kuwa ina sarufi yake isiyofuata mpangilio wa Kiswahili, na uso nao ni sehemu ya sentensi. Watafute viziwi wenzake kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, uwaombe wakae naye darasani, nawe ukae kama mwanafunzi. Hata walimu waliosomea naona wanaipuuza hatua hii, na wanaoumia ni sisi.

Afisa maendeleo ya jamii, Muheza:

Dada, kuhusu ajira nitakueleza kwa ufupi. Usitafute tangazo lenye jina la kazi hiyo, kwa maana utasubiri sana. Angalia vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu, kikiwemo cha Masiwani hapo hapo Tanga, vyuo vya maendeleo ya wananchi, na idara za elimu za halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi, asilimia 2 ni yao. Vikundi hivyo vinahitaji mtu wa kuwafundisha kutunza daftari la fedha na kusoma mkataba kabla ya kuusaini. Hilo ni somo ambalo wewe unaweza kuliandaa tangu sasa.

Binti wa Makorora:

Nawashukuru sana. Mwalimu, baba yule ameniuliza kama siku moja ataweza kusoma Juzuu Amma mwenyewe, nami sikuwa na jibu.

Mwalimu mstaafu, Raskazone:

Ataweza, binti yangu, na mwambie leo leo, kwani mtu mzima hujifunza haraka zaidi akijua anachokitaka. Msahafu wa nukta nundu upo, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na Kiarabu cha wino. Aanze na herufi za Kiswahili: ba, ta, lam na mim zina nukta zile zile za B, T, L na M, hivyo mengi atakayojifunza kwako yatamfaa huko pia.