Tupeane uzoefu: Nani mwingine anameza dawa ya thairoidi? Mwili ulizoea lini?

MamaPacha_Umoja
Hamjambo wenzangu. Jana natoka tauni, matatu imekwama pale Donholm, nimekaa dirishani sijabeba hata mfuko, na moyo unanidunda kana kwamba gari nalisukuma mimi. Mama wa kando akanitazama: "Dada, uko sawa kweli?" Nikamjibu niko sawa, kidole kikiwa shingoni nahesabu. 118 kwa dakika. Na nimekaa tu!

Hii ni wiki ya tano kwenye levothairoksini. Tezi yangu ya shingoni, thairoidi, imelala; TSH, ile homoni ya ubongo ya kuiamsha ambayo hupanda tezi ikilala, ilikuwa juu ajabu, nikaanzishiwa mikrogramu 100 moja kwa moja. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kulala kama gunia la viazi na kuvaa sweta mbili Februari watu wakijipepea. Sasa usingizi umehama, viganja vinalowa jasho, na kila nikichana nywele kitana kinajaa. Aliyeyapitia haya aniambie. Naomba mtu aliyemeza mwenyewe, si aliyesimuliwa na shangazi yake.

Kijana_Zimma
Mimi. Miezi miwili ya kwanza nilijua nimerogwa.

Mwalimu_Mstaafu
Umenikumbusha mbali, mama. Nilianza 2009, bado nafundisha darasa la saba huko Eastlands. Nikaanza na 50. Miezi miwili, TSH haijashuka. Nikaongezwa 75. Bado. 100. Bado. 125. Daktari akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, anadhani dawa naitupa chooni. Ikabidi mke wangu aje kutoa ushahidi: anameza, kila asubuhi, mimi ndiye ninayempa.

Tabibu mmoja kijana, hata si daktari wa homoni, ndiye aliyeuliza: "Mwalimu, unameza na nini?" Na chai. "Chai gani?" Nikamkasirikia. Chai ni chai! Ile ya kuchemshwa na maziwa nusu kwa nusu, kwenye kikombe cha bati, na mkate juu yake. Kijana akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Kumbe kalisiamu ya maziwa huikamata dawa tumboni isiingie kwenye damu, na mkate nao unaizuia kwa upande wake. Kwa hiyo daktari alikuwa sahihi, dawa ilikuwa inaishia chooni, ila kwa njia ndefu.

Sasa balaa lenyewe. Nikahamia maji matupu saa kumi na moja alfajiri, lakini hakuna aliyekumbuka kuipunguza ile 125. Wiki ya sita nimesimama ubaoni naandika ngeli ya KI-VI. Chaki inatetemeka, herufi K imetoka kama mende aliyekanyagwa. Nikafuta, nikaandika tena, ikawa mbaya zaidi. Nyuma wakaanza kucheka. Msichana wa dawati la mbele akainuka, akaitoa chaki mkononi mwangu kwa adabu zote, akaandika yeye. Nilienda kukaa stoo ya vitabu nikalia. Kilo saba zilikuwa zimeyeyuka, suruali naikaza kwa kamba ya katani. Kupimwa, TSH imezama kabisa. Nikarudishwa 75, na mpaka leo ni 75.

Wewe unameza na nini?

MamaPacha_Umoja
Maji, mwalimu. Ila chai naifuatisha baada ya dakika kumi, sitadanganya.

Mzee_wa_Birika
Dakika kumi ni nyingi. Yangu huwa inanisubiri mkono wa pili.

Nesi_Zamu
Mzee usimpotoshe. Nusu saa ndiyo ya chini kabisa, saa moja ni bora, na kahawa pia imo. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalisiamu vikae mbali kwa muda wa saa nne. MamaPacha, mapigo 118 umekaa si ya kusema "mwili utazoea". Kidonge hiki ni homoni ileile ambayo tezi yako ingetengeneza. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi mara nyingi ni dalili kwamba kipimo kimezidi, au mwili uliokuwa umepoa muda mrefu umeamshwa kwa teke. Rudi kliniki kesho. Ukisikia kifua kinauma, unaishiwa pumzi au unataka kuzimia, nenda leo. Na usipunguze dawa kwa akili yako mwenyewe.

Dereva_46
Mimi nilipunguza kwa akili yangu na sijafa.

Nesi_Zamu
Hongera.

Dereva_46
Usinikejeli madam. Pesa ikikosekana unafanyaje? Nilikuwa nameza leo, naruka kesho. Nikaenda hivyo miezi mitatu.

Nesi_Zamu
Sikukejeli, ndugu. Dawa hii haiishi mwilini haraka, inachukua kama wiki moja hata nusu yake itoke, ndiyo maana hukusikia kitu siku za kwanza. Uliishiaje hiyo miezi mitatu?

Dereva_46
Nikasinzia kwenye usukani pale Valley Road, abiria wakanipigia kelele.

Na sikuwa nikijua kwamba hata zile nilizomeza zilikuwa zimekufa. Kopo nililiweka kwenye dashibodi, juani, kutwa nzima laini ya Kawangware. Mwenye duka la dawa alipofungua akakuta vidonge vina rangi ya majani ya chai. Siku hizi vinalala kabatini chumbani, na simu inanililia saa kumi na nusu.

Bi_Pangani
Mimi nameza usiku jamani, na sina shida. Chakula cha jioni saa moja, dawa saa nne nikienda kulala. Ramadhani nilihangaika sana mwaka wa kwanza: niimeze baada ya futari nikiwa nimeshiba viazi na uji, au kabla ya daku nikiwa na usingizi? Daktari akaniambia chagua unaloliweza kila siku mradi tumbo liwe tupu. Nikaamka nusu saa kabla ya daku, dawa na maji, nikarudi kukaa kwenye mkeka namsubiri mume wangu aamke.

Mwalimu_Mstaafu
Usiku mimi ilininyima usingizi. Asubuhi ndiyo wakati wake.

Bi_Pangani
Mwalimu, wewe ilikunyima usingizi ile 125, si usiku.

Mzee_wa_Birika
Haha! Mwalimu amesahihishwa.

Msusi_KenyattaMarket
Nywele niachieni mimi. Zilininyonyoka mpaka wateja wakawa wananionea huruma, msusi mwenye kichwa kama kifuu! Mwenzangu wa kibanda cha pili akanipa vidonge vya kukuza nywele vyenye biotini. Nikavibugia. Siku ya kupima, karatasi ikasema homoni imenizidi. Daktari akanipunguzia dawa. Mimi huyo nikaanza kuvimba macho, miguu mizito, nasuka mstari mmoja napumzika. Tukarudia vipimo, vilevile: eti imezidi! Ni mtu wa maabara aliyeniuliza natumia vitamini gani. Biotini huzichanganya mashine nyingine za kupimia, zikatoa majibu ya uongo. Niliacha, tukapima upya baada ya wiki, ukweli ukatoka. Waambieni kila mnachomeza, hata cha nywele. Nywele zenyewe zilirudi polepole kipimo kilipokaa sawa, kama miezi sita hivi.

Shamba_la_Bahari
Haya yote ni kwa sababu mnakimbilia kemikali. Mwani safi kutoka Pwani, kijiko kimoja asubuhi, tezi inaamka yenyewe. Nina stoku, tunafikisha popote Nairobi, nitumieni ujumbe.

Nesi_Zamu
Tafadhali usiuze hapa. Mwani umejaa aidini, na mwenye tezi mgonjwa anaweza kuharibikiwa zaidi nayo. Chumvi ya Kenya inatiwa aidini kwa sheria tangu miaka ya 1970. Upungufu siyo shida ya wengi humu.

Shamba_la_Bahari
Nyinyi mnalipwa na kampuni za dawa.

Nesi_Zamu
Nimetoka zamu ya saa kumi na mbili nimepanda miguu mpaka Railways. Nionyeshe hiyo pesa.

Dereva_46
Hapo nesi niko na wewe.

Dada_Kayole
Nimesoma kimya tangu juu lakini imebidi niandike. Yangu ni kinyume cha ya MamaPacha, tezi ilikuwa imechachamaa: macho yametoka, nakula sufuria nzima ya ugali na nazidi kukonda. Nikapewa kabimazoli ya kuituliza, miligramu 40 kwa siku. Mwezi wa kwanza nilipona hata nikaimba kanisani.

Wiki ya sita, Ijumaa, koo likaanza kuuma. Nani anaogopa koo Nairobi, na vumbi letu hili? Nikapita duka la dawa, nikapewa antibiotiki za rangi mbili na peremende za kumung'unya. Jumamosi vidonda mdomoni. Jumapili usiku sikuweza kumeza mate, nikawa natemea kwenye kikombe. Natetemeka blanketi tatu, kipimajoto kinasoma 39.8. Kaka yangu akanibeba mgongoni mpaka kwa teksi kwa sababu nilikataa boda, ningeanguka.

Hospitali, ambayo siitaji, wakasema malaria. Wamenilaza kwenye benchi nangoja majibu, kijana mwanafunzi akachukua kadi yangu akaisoma tu, nadhani kwa kukosa kazi. Akauliza, "Dada, kabimazoli hii bado unameza?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, sauti haikuwepo. Yule kijana alikimbia. Sijawahi kuona mtu wa koti jeupe akikimbia hivyo.

Himogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ikaonyesha chembe nyeupe za kupigana na bakteria karibu zimekwisha kabisa. Dawa ndiyo iliyozimaliza. Nikawekwa chumba cha peke yangu, dripu za antibiotiki kali, sindano za kuuamsha uboho. Siku tisa. Mamangu alikuwa akija anasimama kwenye kioo cha mlango, ananionyesha chupa ya uji ambao hakuruhusiwa kunipa, halafu anaondoka nao.

Hakuna aliyekuwa ameniambia: ukimeza hiyo dawa, koo likiuma au ukipata homa, acha dawa na upime damu siku hiyohiyo. Sentensi moja tu! Nimekuja kuambiwa kwamba hutokea kwa wachache, hata si mmoja katika mia. Mimi ndiye huyo mmoja.

Msusi_KenyattaMarket
Weee! Nimeacha mteja na rasta nusu nasoma hii. Halafu?

Dada_Kayole
Kabimazoli nikapigwa marufuku maisha. Nikapewa aidini ya mionzi, nikajitenga na mtoto wangu siku nilizoambiwa. Baadaye tezi ikalala kabisa, sasa nameza levothairoksini kama nyinyi. Nimezunguka nimerudi kwa chai ya mwalimu.

Bi_Pangani
Pole sana mwanangu. Na yule kijana Mungu amlinde.

Mzee_wa_Birika
Hospitali gani hiyo? Taja watu wajihadhari.

Dada_Kayole
Mzee, nimesema siitaji.

MamaPacha_Umoja
Jamani sasa naogopa hata kukitazama kidonge. Koo langu lilikuwa linawasha juzi.

Nesi_Zamu
MamaPacha, hapana. Hiyo ni dawa nyingine ya ugonjwa mwingine. Levothairoksini haimalizi chembe nyeupe.

Kijana_Zimma
Ngojeni kwanza. Mimi nameza kabimazoli. Mwezi wa nne huu. Nilipata upele na mwasho tu, nikapewa vidonge vya mzio ukaisha.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, sasa pale juu ulimjibu mama "mimi" ya nini?

Kijana_Zimma
Si alisema thairoidi, mwalimu? Moyo ulinidunda pia. Jirani akanigawia propranololi zake, nikatulia vizuri.

Nesi_Zamu
Una pumu?

Kijana_Zimma
Ya utotoni.

Nesi_Zamu
Usizimeze tena, za jirani hasa. Zinaweza kukubana pumzi. Na ile sentensi ya Dada_Kayole ya koo na homa, iandike nyuma ya kadi yako ya kliniki leo.

Mzee_wa_Birika
Na kabeji? Mke wangu ameipiga marufuku nyumbani, eti inaidhuru tezi.

Bi_Pangani
Usile kabisa.

Msusi_KenyattaMarket
Kula tu, iive. Mimi nala kila siku kwa kibanda.

Nesi_Zamu
Iliyopikwa, kwa kiasi cha kawaida, haina neno.

MamaPacha_Umoja
Nimerudi, siku nne baadaye. Nilienda. Wamenipima umeme wa moyo, moyo mzima, umechoshwa tu. Nimeshushwa mpaka 50, nirudi kupima TSH baada ya wiki sita. Jana usiku nimelala saa tano mfululizo bila kuamka. Leo kwenye foleni ileile ya Donholm nimehesabu 84.

Mwalimu_Mstaafu
Alhamdulillahi na Bwana asifiwe, vyote. Na chai?

MamaPacha_Umoja
Saa nzima, mwalimu. Pacha wameshamaliza mandazi yote, mimi bado naitazama birika.